Mwandiko wa Mwalimu Amiri

Dar es Salaam
14 Januari 2024

Baba yangu Mwalimu Amiri,

Assalaam alaikum. Natumaini basi liliwafikisha salama Kitaya, wewe na mama, na kwamba ile kola ya shingo hukuivua mara tu mlipoliacha jiji. Nakujua.

Pale hospitalini nilisema haraka haraka, nusu binti yako, nusu nesi wa wodi ya mifupa, nawe ukawa unaitikia kwa kichwa huku macho yako yapo dirishani. Kwa hiyo nayarudia kwa kalamu, mtu asije akasema hakuambiwa.

Ndani ya pingili za shingo unapita ugwe wa fahamu, ndio unaopeleka amri mikononi na miguuni. Miaka yote uliyobeba magunia ya korosho kichwani imezichosha zile sahani laini zilizo kati ya pingili. Mbili zimetokeza kwa nyuma na kuubana ugwe. Ndiyo sababu vifungo vya kanzu vinakushinda, na ndiyo sababu unatembea kama mtu anayevuka matope hata ukiwa kwenye sakafu kavu.

Daktari Mikaeli anaweza kuufungulia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mbele: anapasua kwenye koo, anasogeza kando bomba la hewa na la chakula, anaondoa zile sahani mbovu, kisha anaweka kipande cha mfupa na bamba la chuma. Ya pili ni ya nyuma, chini ya kisogo: anaufungua mfupa unaofunika ugwe kama mlango, upande mmoja ukabaki kwenye bawaba, ugwe ukapata nafasi. Ya nyuma haigusi koo. Lakini shingo yako imeinamia mbele, Baba, na ugwe umelalia hayo yaliyotokeza kama kamba ya kisima inavyolalia gogo. Tukifungua nyuma, kamba itabaki juu ya gogo. Daktari anataka mbele.

Hatari ya mbele nakwambia bila kuficha. Mshipa unaoendesha sauti unapita papo hapo. Wengine hukauka sauti wiki kadhaa, ikarudi. Wachache sana haikurudi.

Sasa jambo la mwisho, na hili ni amri. Kila baada ya wiki tatu hivi uniandikie barua kwa mkono wako mwenyewe, ukurasa mzima, umpe kondakta wa basi. Kwenye simu kila mtu ni mzima, na wewe ndiye mzima kuliko wote. Daktari anataka kuuona mwandiko, maana mkono ukianza kupotea, herufi ndizo hutangulia kusema. Vilevile kunja na kukunjua ngumi upesi upesi, mama akihesabu polepole hadi kumi. Mtu mwenye afya hufika mara ishirini. Wewe hapa ulifika kumi na sita.

Msalimie mama. Mwambie namkumbuka kila nikila kisamvu cha mjini, ambacho si kisamvu.

Binti yako,
Hadija


Kitaya
27 Januari 2024

Mwanangu Hadija,

Waalaikum salaam. Zamani tukiandika barua tulisema sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Safari hii hofu mmetufungashia tuje nayo, ninyi mkabaki na picha za shingo yangu. Kalamu imeniponyoka mara mbili kabla ya kufika mstari huu. Usizihesabu.

Nimekuelewa, maana mimi pia ni mwalimu na najua mtu akieleza jambo vizuri. Sasa mwambie daktari wako kwamba nyumba zetu zina mlango wa mbele na mlango wa uani, na mtu wa karibu hupita uani. Apite uani.

Sikatai kisu. Nakataa kisu cha koo. Mikorosho ninayo kama wenzangu, muhogo ninao kama wenzangu, na kwa hayo mimi ni mtu kati ya watu. Nilichopewa peke yangu ni sauti. Mwaka wa thelathini na moja huu naadhini msikiti huu, na kila Ramadhani naihitimisha Kurani katika tarawehe, watu wanatoka hata kijiji cha Ziwani kuja kusimama nyuma yangu. Mikono ikinishinda, mama yako atanilisha. Sauti ikiondoka, nani atanisomea?

Naomba kitu kimoja. Ramadhani inaingia Machi. Nipeni hii moja niisome yote. Idi ikipita nitapanda basi mwenyewe, na habari ya mlango tutaijadili tukiwa tumekaa.

Juzi tuliketi kubangua korosho, mimi na mama yako. Zake zilitoka nzima, zangu zote vipande. Alizichanganya upesi ili nisione, lakini niliona.

Ngumi ni kumi na tano.

Wasalaam,
Baba yako, Amiri


Dar es Salaam
6 Februari 2024

Baba,

Nimempa Daktari Mikaeli barua yako. Alicheka kwa habari ya mlango wa uani, kisha akachukua kalamu nyekundu akaanza kupiga mistari chini ya herufi zako. Mistari minne ya mwisho imeyumba yote. Baada ya hapo hakucheka tena.

Masharti yake ni haya. Kuna kitanda tarehe 14 Machi na kingine tarehe 18 Aprili. Amekubali kukuandikia vyote viwili. Mwandiko ukibaki kama ulivyo au ukawa mzuri zaidi, utasoma Ramadhani yako, utakuja Aprili, na huenda hata njia ya nyuma akaifikiria upya. Ukiharibika zaidi ya hapo, hakuna mjadala: utakuja Machi, na atapita mbele. Anasema ugwe uliobanwa hauombi radhi. Mtu anaweza kuchechemea mwaka mzima, kisha akajikwaa kidogo tu, kidevu kikagonga, akaamka hana mikono wala miguu.

Nakuomba uwe mkweli, maana wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami sina baba wa akiba.

Hadija


Kitaya
20 Februari 2024

Mwanangu Hadija,

Tazama mwandiko huu kabla hujasoma neno. Umeutazama? Mpelekee daktari wako na kalamu yake nyekundu, umwambie aifunike.

Dawa mlizonipa zimefanya kazi, na mama yako ananikanda mabega kwa mafuta ya nazi ya moto kila asubuhi. Jana nilifunga vifungo vyote vya kanzu, kimoja baada ya kingine, hadi cha juu. Ngumi nimefika ishirini na moja. Mama yako ndiye aliyehesabu, na unamjua, hapendelei mtu.

Mto umejaa na mpunga wa bondeni umelala majini. Tutakula muhogo, ndio ndugu yetu wa siku zote.

Nafanya mazoezi ya kusoma. Sauti ipo.

Baba yako, Amiri


Dar es Salaam
2 Machi 2024

Baba yangu,

Nimeibeba barua yako siku tatu mfukoni kama msichana aliyeandikiwa na mchumba. Mwandiko huu ni mzuri kuliko wa Januari! Mistari imenyooka kama ubaoni. Daktari Mikaeli ameiweka chini ya taa, akaigeuza, akasema hajapata kuona dawa zikifanya hivyo kwa mtu wa umri wako, lakini karatasi haibishani. Kitanda cha tarehe 14 amempa mama mmoja wa Lindi ambaye hawezi tena kushika kijiko.

Kwa hiyo soma, Baba. Soma yote, na mimi niombee mahali pazuri.

Hadija


Kitaya
17 Machi 2024

Mwanangu Hadija,

Ramadhani karim. Leo tuko siku ya sita na juzuu zinakwenda vizuri. Jana safu zilijaa hadi barazani. Mzee Stefano, jirani yetu, ambaye hata si Mwislamu, alikaa kwenye kigoda nje ya uzio hadi tukamaliza, kisha akamwambia mama yako kwamba mwaka huu sauti imekuja na kitu ndani yake. Sijui aliisikia wapi ile ya miaka mingine.

Mkono haujambo. Ngumi ni ishirini. Miguu inachoka kidogo, ila nani hachoki akiwa amefunga?

Mama yako anakusalimu sana. Amekonda kidogo, ukija usimwambie.

Baba yako, Amiri


Dar es Salaam
28 Machi 2024

Baba,

Kuna doa la binzari kwenye barua yako. Siku hizi mnaandikia jikoni? Nimelinusa hadi nikaona njaa, na magharibi bado mbali.

Sina mengi, tumezidiwa na wagonjwa. Usihangaike, mwandiko wako hauna wasiwasi wowote. Vumilia hadi Idi kama tulivyopanga. Tarehe 18 Aprili nitakuwa mlangoni kukupokea.

Hadija


Dar es Salaam
19 Mei 2024

Mama yangu Saida,

Barua hii nimemwandikia Theresia wa zahanati akusomee. Dada Theresia, nakuomba umsomee mama polepole, kisha mrudie sehemu ya kwanza.

Mgeuzeni baba kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa. Tazameni visigino na chini ya kiuno. Mkiona wekundu usioondoka, msingoje. Godoro la hewa lisitobolewe. Chakula kiwe laini na awe ameinuliwa kabisa wakati wa kula, maana kifua chake hakina nguvu ya kukohoa.

Mama, tangu mlipoondoka hapa silali. Namwona alivyoanguka tarehe 3 Aprili kana kwamba nilikuwepo: mchana kweupe, akitia udhu wa alasiri, mguu ukateleza, kidevu kikagonga ukingo wa ndoo, kichwa kikarudi nyuma. Ndivyo hasa Daktari Mikaeli alivyotuonya. Tarehe 7 alimpasua kwa mbele, kazi safi, ugwe ukafunguliwa, na siku ya nne sauti ikarudi. Sauti, Mama! Ile tuliyoihofia muda wote huu. Mikono na miguu ndiyo iliyobaki kimya, na daktari anasema tusidanganyane, haitarudi.

Wiki iliyopita aliniita, akazipanga barua za baba mezani. Akaniuliza ni nani aliyeandika hizi mbili za mwisho, kwa sababu alipoufungua ule ugwe aliona umezidi kubanwa kwa miezi, si kwa siku moja. Mkono wa mtu mwenye ugwe ule haunyooshi mstari. Mimi nesi wa mifupa! Mwandiko wa mgonjwa wa shingo ukizidi kuwa mzuri si jambo la kufurahia, ni jambo la kuuliza. Mimi nilifurahi.

Nani alimwandikia? Sitamfanya kitu. Nataka kujua tu. Na uniambie na hili: kwa nini siku zote zile wodini baba hakutaka kunitazama? Nilipokuja kumlisha alifumba macho.

Mtafute mtu akuandikie majibu.

Hadija


Kitaya
2 Juni 2024

Mwanangu Hadija,

Usishtuke ukiona mwandiko. Baba yako hajapona. Huu ni mkono wangu, na ulikuwa wangu tangu barua ya Februari. Theresia nimemshukuru nikamwambia aende akapumzike. Yako nimeisoma mwenyewe.

Ulipokwenda chuo cha uuguzi nyumba ilikuwa kimya mno. Baba yako akaleta ubao wa madrasa, na kila baada ya adhuhuri akaniandikia mstari mmoja, nami nikapita juu yake kwa chaki hadi mkono ukazoea. Mwandiko mwingine sikuujua, kwa hiyo wake ukawa wangu. Hatukukwambia kwa sababu nilitaka siku moja upate barua kutoka kwa mama yako, ushangae. Nilikuwa nangoja habari njema ya kuanzia.

Ile ya Februari alitamka, nikaandika. Tulicheka, Mungu atusamehe. Hesabu ya ngumi aliitunga yeye. Kweli ilikuwa tisa. Ya Machi vilevile, na hiyo binzari ni ya vidole vyangu. Msikitini alikuwa anaongozwa kwa kushikwa mkono, akifika mbele anaegemea nguzo, akisoma hakuna aliyejua kwamba ni mgonjwa.

Hayo tuliyafanya wawili. Sasa nakwambia la kwangu peke yangu.

Tarehe 24 Machi, baada ya adhuhuri, aliomba karatasi. Nikachukua kalamu, akakataa. Akaniambia nimfunge kalamu kwenye kidole kwa kitambaa. Aliandika hadi alasiri, jasho linamtoka, na alikuwa amefunga. Akaikunja kwa meno. Akasema, "Mpe kondakta leo hii."

Nilifika kituoni. Basi lilikuwepo. Nikaifungua, Hadija. Ilikuwa kama kuku amepita kwenye majivu, lakini mimi mwandiko ule nimeufuata kwa chaki, niliusoma. Nikajua daktari akiuona, baba yako hafiki Idi, watampasua koo. Nikaona kisu kwenye koo lile. Mimi niliipenda ile sauti kabla sijamwona mwenyewe. Nilikuwa mgeni kwa shangazi yangu, nikasikia adhana, nikauliza ni nani yule. Nikasema moyoni, siku kumi na saba si nyingi. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikarudi nikamwambia nimempa kondakta.

Akaanza kungoja. Kila basi likipita anauliza, "Hadija hajajibu?" Yako ya tarehe 28 ilipofika, nikamsomea. Mle umesema mwandiko wake hauna wasiwasi, avumilie hadi Idi. Nilipokuwa nasoma nilijua ninachofanya, na sikuacha. Baba yako akasema, "Basi kumbe si kubaya kiasi hicho." Siku ya tatu akaanguka.

Ndiyo sababu hakutazami. Anaamini uliipata barua yake ukaipuuza. Hakukuuliza na hatakuuliza. Anasema mtoto haombwi mara mbili.

Sauti anayo lakini pumzi fupi. Msikitini wameweka mtu mwingine. Adhana ikianza, anageuza macho ukutani hadi iishe, ndipo ananiomba maji. Watu wako mashambani wanapulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho. Yetu mwaka huu hakuna wa kuipulizia.

Barua yenyewe nimeitia humu. Mara nyingi nimesimama mbele yake nikataka kusema, mdomo haufunguki. Ukitaka kumwambia, mwandikie, nitamsomea neno kwa neno, hata kama ndilo neno la mwisho atakalopenda kusikia kutoka kwangu.

Mama yako,
Saida


Dar es Salaam
16 Juni 2024

Mama,

Hii ni yako peke yako. Isome ukiwa uani, kisha uichome.

Nilikaa na karatasi ile mchana mzima kabla maneno hayajatokea. "Hadija. Mkono umekwisha. Njoo unichukue. Wapite mbele." Ni hayo tu, ukurasa mzima. Mama, nilikulilia na nilikuchukia, yote kwa wakati mmoja. Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa muongo wa tatu katika nyumba hii.

Lakini baba ana mikono miwili tu sasa, nayo ni yako. Ndiyo inayomgeuza, ndiyo inayomlisha, ndiyo inayomtia udhu. Akiijua hii hatakuwa na mahali pa kugeukia. Mimi niko mbali, na kwangu amekwisha kuzoea kufumba macho.

Hii ya pili msomee kama ilivyo. Usiongeze neno na usipunguze. Na usilie mbele yake, atakuuliza.

Hadija


Dar es Salaam
16 Juni 2024

Baba yangu Mwalimu Amiri,

Assalaam alaikum. Nimechelewa sana kukuandikia haya, kwa sababu ya aibu.

Barua yako ya tarehe 24 Machi niliipata. Kondakta aliniletea Jumanne asubuhi nikiwa naingia zamu. Nikaitia mfukoni mwa sare, nikisema nitaisoma mchana, maana nilidhani ni habari za futari na safu za msikitini. Mchana nikasahau. Ile niliyokuandikia tarehe 28 haikuwa jibu lake, Baba, sikuwa nimesoma hata neno. Nilipoifungua ulikuwa umeshaanguka.

Uliniita kwa mkono wako, na najua kuandika kulivyokugharimu. Uliniambia wapite mbele. Ulikuwa umekubali, na mimi nilikuwa na ridhaa yako mfukoni.

Julai nakuja kwa likizo yangu yote. Nitakulisha, nitakusomea, nitapulizia mikorosho kadiri nitakavyoweza. Ukitaka kunitazama nitakuwepo, na usipotaka nitakuwepo vilevile.

Mama usimuulize kitu kuhusu barua ile. Aliipeleka kituoni siku ile ile uliyompa.

Binti yako,
Hadija